Chokaa Kabla ya Kaskazi

Kusi ikishakata, kwa kawaida mwezi wa kumi, kisiwa chetu cha Ibo, kaskazini mwa Msumbiji, huhamia nje. Nyumba za mawe hazilaliki. Kuta zilizopigwa jua mchana kutwa huutoa ule moto usiku, nawe umelala katikati yake kama mkate tanurini. Basi vitanda vya kamba hutolewa uani, vikakaguliwa matendegu, vikamwagiwa maji yanayotokota kwa ajili ya kunguni, vikawambwa upya. Mikeka huanikwa. Mabaraza hupigwa chokaa. Makuti yaliyochakaa juu ya banda la jiko hushushwa na mapya kupandishwa, maana Desemba mvua itafika na haitabisha hodi. Wazee waliohesabu mwaka kwa miongo, kumi kumi kuanzia Nairuzi, waliijua siku ya kuanza kazi hii bila kutazama kalenda ya ukutani. Sisi wa leo tunasubiri mpaka jasho lituambie, na ndiyo sababu tunachelewa kila mwaka.

Nilizaliwa Palma. Bibi yangu mzaa mama alitoka Kionga, kile kipande cha pwani ambacho Mjerumani alijikatia mwaka 1894 na Mreno akakirudisha 1916, kwa hiyo nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya kusali na ya kugombezana, na Kireno kilikuwa cha darasani. Ibo nililetwa na ndoa. Wenyeji wa hapa ni Wamwani, na lugha yao haikunisumbua sana, kwani mtu wa Palma akisikia Kimwani husikia jirani anayesema nyuma ya ukuta: maneno mengine yanampita, maana haimpiti. Nilifundisha shule hapa hadi nikastaafu. Historia niliyofundisha ilikuwa ya ngome, magavana na vita. Wageni wanaokuja na kamera nao huulizia ngome hizo hizo, hasa ile ya nyota, São João Baptista, iliyojengwa 1791. Hakuna aliyewahi kuniuliza nani alikuwa akizipaka chokaa.

Hilo ndilo ninalotaka kuliandika. Jiwe la pwani halijisimamii. Baraza lisilopakwa kwa misimu mitatu huanza kuota ukungu mweusi, wa nne linamenyeka, na mbegu ya mtini iliyodondoshwa na ndege ikiingia kwenye ufa, hesabu umepata mpangaji asiyehama. Kwa hiyo kila ukuta mzee unaouona umesimama ni ushahidi kwamba kila mwaka, kabla ya joto, mtu fulani aliinama akafanya kazi. Historia ya mji huu, kwangu mimi, ni historia ya huyo aliyeinama: alikuwa nani, na alilazimishwa na nani.

Kabla ya Mreno, baraza lilikuwepo. Mji mkubwa wa visiwa hivi haukuwa Ibo, ulikuwa Quirimba, kisiwa jirani ambacho maji yakipwa unaweza kukifikia kwa miguu ukipita katikati ya mikoko. Waislamu wa Quirimba walifanya biashara na Kilwa na pwani yote ya juu, na mwanzoni mwa miaka ya 1520 Wareno waliushambulia mji wao na kuuchoma. Visiwa hivi walivijua kwa nguo zake, nguo za Maluane, zilizofumwa huku huku na kutiwa nili. Mwishoni mwa karne hiyo, miaka ya 1590, padri Mdominiko aitwaye João dos Santos aliishi Quirimba, na kitabu chake kilichochapwa Évora mwaka 1609 bado kinasomwa na wanaotaka kujua pwani hii ilikuwaje. Mimi ninapofikiria wafumaji wale, nawaona nje. Kitambi hakifumwi gizani ndani ya nyumba yenye dirisha moja. Kinafumwa kivulini, uani, mahali palipofagiwa, uzi usije ukaokota takataka. Ua safi ulikuwa karakana kabla haujawa mahali pa kupumzika.

Ibo iliinuka baadaye, karne ya 18, na iliinuka kwa biashara ambayo hatupendi kuitaja mbele ya wageni. Msumbiji yote ilikuwa ikitawaliwa kutoka Goa hadi mwaka 1752, ndipo ikapewa gavana wake. Muda mfupi baadaye, katika miaka ya 1760, Ibo ikapandishwa cheo na kuwa mji na makao ya serikali ya visiwa. Wafaransa walikuja kununua watu wa kupeleka Mauritius na Réunion, kwenye mashamba yao. Fedha ya watu hao ndiyo iliyojenga barabara zile pana zenye nyumba za nguzo. Wahindi wa Diu, Wagoa, Wareno, na machotara waliotokana na wote hao na wenyeji, kila mmoja alijijengea nyumba yenye uso mbele na ua nyuma.

Hapo ndipo baraza la zamani lilipobadilika. Katika nyumba ya Kiswahili, kama zile za Lamu au Kilwa, baraza ni kiti cha jiwe kilichoambatana na ukuta kando ya mlango. Anayekaa hapo yuko sawa na anayepita, magoti yao karibu yagusane. Matajiri wa Ibo walilivuta paa mbele, wakalisimamishia nguzo, wakaiinua sakafu juu ya barabara kwa ngazi mbili tatu, wakapata varanda. Baraza likabaki, refu, limepita ukuta wote wa mbele, lakini sasa liko juu. Anayepita anatazamwa. Jaribu mwenyewe: simama barabarani mbele ya mojawapo ya nyumba hizo kisha uombe kitu kwa mtu aliyeketi ndani ya kivuli. Utajikuta umeinua kidevu na kufinya macho kwa ajili ya jua, wakati yeye hakuoni vibaya hata kidogo. Fundi aliyeipima ile ngazi alijua anachofanya.

Na chokaa? Chokaa ilianza baharini. Maji ya bamvua yakitoka, watu walikwenda miambani kuvunja matumbawe na kuyapakia kwenye mashua. Nchi kavu, magogo ya mikoko na ya minazi yalipangwa duara, tabaka juu ya tabaka, katikati pakaachwa shimo la kutilia moto, na matumbawe yakarundikwa juu. Lilipowashwa, tanuri liliwaka usiku kucha na zaidi, likaporomoka lenyewe likiacha mabonge meupe. Mabonge hayo ukiyamwagia maji yanapiga kelele na kutoa mvuke wa kuunguza mikono na macho. Ndiko kuzima chokaa. Kisha inafunikwa, inaachwa ilale miezi. Chokaa changa hupasuka ukutani, kila fundi atakuambia, kwa hiyo anayetaka kupaka Oktoba lazima awe amechoma zamani. Maana yake ni kwamba nyumba moja nyeupe mbele ya barabara ilihitaji watu wa kuvunja mwamba, watu wa kukata mikoko wakiwa na tope la mapajani, watu wa kubeba, wa kuchoma, wa kuzima, wa kuchekecha, wa kupaka. Mwenye nyumba hakuwa hata mmoja wao.

Walikuwa watumwa. Wale ambao hawakuuzwa kwa Mfaransa walibaki kuipamba nyumba ya aliyewauza wenzao. Kuna jambo nililoliona kwenye Kisiwa cha Msumbiji, kusini kwetu katika mkoa wa Nampula, lililonifungua macho kuliko maandishi. Kisiwa kile kiliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1991, na kina miji miwili: wa mawe kaskazini na wa makuti kusini. Mji wa makuti uko chini. Unashuka kuuingia kama unayeshuka bondeni, kwa sababu pale ndipo yalipochimbwa mawe ya kujengea mji wa juu. Waliochimba na vizazi vyao walijenga vibanda vyao ndani ya shimo walilolichimba, na mvua ikinyesha, maji ya mji wa mawe huteremka kwao. Ibo haina shimo lililo wazi kiasi hicho, lakini ukitoka barabara za nguzo ukaingia vijiji vya nyuma, nyumba za fito, udongo na makuti, unaipata hesabu ile ile.

Samani za varanda zilikuwa na daraja zake pia. Kulikuwa na ulili, kitanda cha kamba, ambacho hakina mwenyewe: mchana kinakaliwa na wanne, usiku kinalaliwa na mmoja, na mwisho wa safari ya duniani kinatubeba. Kulikuwa na mkeka na jamvi. Na kulikuwa na kiti kirefu kilichokuja na Wagoa, cha msaji, mgongo wake umelala nyuma na kusukwa henzirani, mikono yake mirefu hata mtu anaweza kuiwekea miguu. Kiti hicho kimetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye hatainuka upesi. Ukikikalia huwezi kufagia, huwezi kuchambua mchele, huwezi hata kumnyonyesha mtoto vizuri. Kimoja kiko kwangu, kilikuja na nyumba ya wakwe zangu, henzirani imeng'oka upande mmoja. Kila mwaka nakitoa nje, nakipaka mafuta ya nazi mbao zake, nakirudisha ndani. Marehemu mume wangu alikipenda. Mimi nakaa kwenye ulili.

Usidhani mabwana wa varanda walikaa kwa amani. Mwanzoni mwa karne ya 19, Wasakalava na wenzao kutoka Madagaska walivuka bahari kwa misafara ya mitumbwi, wakavipiga visiwa hivi mwaka baada ya mwaka, wakiteka watu na kuchoma. Visiwa vidogo viliachwa tupu. Ile faida ya kuwa juu ya ngazi na kumwona anayekuja haikusaidia usiku. Nao walioibiwa wakauzwa upya, sehemu kubwa, ni wale wale waliokuwa wakizima chokaa.

Ureno ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1836, na Ibo ikaendelea nayo kwa siri ambayo haikuwa siri, kwani mikoko yetu inaficha mashua hata leo. Sheria ya kuufuta utumwa wenyewe ilikuja 1869. Waliokuwa watumwa wakapewa jina jingine, libertos, na wajibu wa kuwatumikia mabwana wale wale kwa miaka mingine. Oktoba ilipofika, mkono ulioshika burashi ya katani haukubadilika.

Kisha ikaja Kampuni. Mwaka 1891 Ureno, isiyokuwa na fedha za kuitawala nchi iliyodai ni yake, iliikodisha kaskazini yote, kutoka mto Lúrio hadi Ruvuma, kwa Kampuni ya Nyassa, na miaka michache baadaye kampuni ikaanza kazi, makao yake yakiwa hapa Ibo. Kampuni haikuwa na kiwanda wala shamba la maana. Mapato yake makubwa yalikuwa watu: ilitoza kodi kwa kila kibanda, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa jasho lake, chibalo, kazi ya lazima. Wengine walipelekwa hadi migodi ya Afrika Kusini. Wengi walivuka Ruvuma usiku, wakaenda upande wa Mjerumani. Hata ukoo wa bibi yangu umetawanyika kwa mwendo huo, nusu Mtwara, nusu Palma, na mazishi yakitokea hatujui tukutanie wapi.

Bibi alikuwa akituambia habari ya kufagia. Si kufagia kwake mwenyewe, ambako alikuona ni ibada. Alizungumzia kufagia barabara ya mzungu. Aliyekosa kodi, mwanamume au mwanamke, alitolewa asubuhi kufagia mbele ya posta, kung'oa majani, kupaka chokaa mawe yaliyopanga njia. Yale mawe meupe ya kandokando! Ukipita mji wowote mdogo wa nchi hii utayaona bado, na sehemu za Tanzania pia, mbele ya ofisi na shule, yamepakwa kwa ajili ya ugeni wa mkubwa fulani. Mimi niliyakuta shuleni kwangu. Niliagiza yaachwe yawe mawe tu, mwalimu mkuu akashangaa, lakini hakubishana nami.

Ibo ilianza kufa wakati Kampuni iko hai. Bandari yetu ni ya kina kifupi. Jahazi linaingia maji yakijaa na kulala kwenye tope yakipwa, hilo halikumsumbua nahodha wa zamani. Meli ya moshi haina subira hiyo. Kampuni ikaitamani ghuba ya Pemba (Pemba yetu, si ile ya karafuu), yenye kina cha kupokea meli yoyote, ikajenga mji huko na kuupa jina la malkia wa Ureno: Porto Amélia. Mwaka 1929 mkataba wa Kampuni ulikwisha, na kufikia wakati huo ofisi, wafanyabiashara na fedha vyote vilikuwa vimekwenda ghubani. Ibo wakabaki wenye nyumba wasiokuwa na pa kwenda, wafua fedha wenye mikufu myembamba kama uzi wa buibui, wavuvi, na varanda.

Umaskini huo ndio uliozihifadhi nyumba za nguzo. Mji tajiri ungezivunja ujenge ghorofa za saruji. Sisi tulikosa fedha za kuharibu.

Lakini saruji ilipokuja, ilikuja kwa wale waliopenda kuepuka kazi ya kila mwaka, nami siwezi kuwalaumu sana. Unapaka mara moja, unasahau. Tatizo ni kwamba ukuta wa matumbawe unapumua. Maji yanapanda kutoka ardhini na chumvi yake, chokaa inayaacha yatoke, kidogo kidogo, na ukuta unakauka na upepo. Saruji inayafungia ndani. Kwa miaka kadhaa hakuna kinachoonekana, halafu siku moja plasta yote inabanduka kama ganda la yai na nyuma yake jiwe limekuwa unga. Nimewaona majirani wakipaka saruji juu ya saruji iliyobanduka. Chokaa inadai kidogo kila mwaka; saruji inanyamaza, kisha inadai nyumba nzima. Pamoja na hayo, ninajua kwa nini kijana aliyeona babu yake akiungua macho kwenye tanuri anauchagua mfuko wa saruji. Tena ile mikoko iliyochomwa kwenye matanuri leo tunaihitaji isimame.

Vita vya ukombozi vilianza mkoani kwetu, Chai, tarehe 25 Septemba 1964. Ngome ya nyota ikawa gereza la PIDE, polisi wa siri wa Ureno, na watu waliokaa jirani nayo walijifunza kuketi varandani wakitazama upande mwingine. Uhuru ukaja tarehe 25 Juni 1975. Wareno wakaondoka, na Wagoa wengi nao, wengine kwa haraka hata viti vikabaki nje. Tarehe 3 Februari 1976 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha, na nyumba za nguzo zikapata wakazi wapya: familia kutoka vijiji vya nyuma, wajukuu wa wazima chokaa.

Ningependa kuandika kwamba walizichukua na kuzipaka nyeupe kwa furaha. Haikuwa hivyo. Nyumba ilikuwa ya dola, na mali ya dola haina mtu wa kuichomea chokaa. Aliyekuwa analazimishwa hakulazimishwa tena, na asiyelazimishwa aliuliza, kwa haki kabisa, kwa nini nipake ukuta wa watu. Halafu vikaja vita vingine, njaa, na miaka ambayo hata kupata chumvi ilikuwa shida. Mitini ikaingia. Ukitembea Ibo sasa utaona nyumba ambazo mti umeukumbatia ukuta hata hujui nani anamshikilia mwenziwe. Watalii wanazipenda sana hizo. Mimi naona nyufa.

Lakini nyuani, nyuma ya magofu hayo, kazi haikukatika hata mwaka mmoja, nayo ilikuwa mikononi mwa wanawake ambao hawakuisubiri serikali. Ua hufagiwa alfajiri, kwa ufagio wa chelewa, mistari ikielekea mlangoni. Usiku hufagii, utatupa baraka nje. Bibi alisema hivyo, na aliongeza sababu ya pili kwa sauti ndogo, kwamba mchanga uliofagiwa asubuhi unaonyesha nyayo: nyoka aliyepita, kuku wa jirani, mume aliyerudi usiku wa manane. Kabla ya joto na kabla ya sikukuu, mchanga mpya huletwa kutoka ufukweni kwa ndoo na kumwagwa juu ya ule uliochafuka. Mrehani hukatwa vichwa ili uchipue upya kwa mvua. Mlimau unapogolewa, mpapai unaachwa, mwasmini unafungwa kwenye nguzo. Na mibuni, maana Ibo ina kahawa yake, mibuni ya pwani yenye punje ndogo inayoota penye mchanga na matumbawe ambapo kahawa ya mlimani ingekufa, inaondolewa matawi makavu. Mibuni mingi iko nyuani kwa watu na ndani ya magofu, haina shamba wala mistari. Jiwe la kusugulia msiro wa kupaka usoni nalo linaoshwa, kwa sababu jua la Novemba halina adabu na uso unataka kinga.

Kitanda ndicho kinachochukua muda. Kamba ya kweli ni ya usumba: makumbi ya nazi yanafukiwa kwenye tope la pwani kwa miezi, yanafukuliwa yakinuka, yanapondwa, yanasokotwa juu ya paja. Kuwamba kunaanzia kwenye kitakizo, kamba inatoka mfumbati mmoja kwenda wa pili na kurudi, na anayewamba lazima avute kwa uzito wa mwili wake, mguu umeegemea kwenye mbao. Mwanamke mwembamba akiwamba peke yake, kitanda kitalegea ifikapo Januari. Zamani waliwamba wawili wawili, na ndiyo ilikuwa siku ya kusikia habari zote za kisiwa.

Siku hizi kamba ni ya nailoni, masalio ya wavuvi, ya kijani au buluu. Na karibu na kitanda kuna kile kiti cheupe cha plastiki ambacho kipo duniani kote. Mfaransa Henry Massonnet alitengeneza chake mwaka 1972, kiti kizima kikitoka ndani ya kalibu moja kwa muda mfupi sana, na hakukilinda kwa hataza, kwa hiyo kila mwenye kiwanda akakiiga. Huku kilifika kwa mashua na malori, kikakalia nafasi ya kigoda na nusu ya nafasi ya baraza. Ninakilalamikia kila siku, nami ninavyo vinne. Kinavunjika mguu bila taarifa na jua linakifanya kiwe unga. Lakini nitakubali jambo moja: hakina daraja. Shehe, mkuu wa wilaya, bibi harusi na mvuvi wote wanakalia kile kile, na mwisho wa shughuli kinapangwa kimoja juu ya kingine na mtoto wa miaka kumi. Kiti cha Mgoa kilihitaji watu wawili kukibeba na historia nzima kukikalia.

Tarehe 25 Aprili 2019, wakati ambao msimu wa vimbunga ungepaswa kuwa umekwisha, kimbunga Kenneth kilitua kwetu, majuma machache tu baada ya Idai kuipiga Beira. Upande huu wa kaskazini hatukuwa na kumbukumbu ya kimbunga cha nguvu ile. Nyumba za makuti zilifagiliwa. Mabati yalipeperuka hadi kwenye mikoko. Kuta za mawe zilizokuwa zimetunzwa kwa chokaa zilisimama, na nyingine zilizotunzwa vile vile zikaanguka pia, kwa hiyo sitamdanganya mtu. Mabaraza yalibaki. Jiwe lililojengwa chini, pana, halina cha kushikwa na upepo. Asubuhi ile watu walikaa juu ya mabaraza ya nyumba zisizokuwepo, wakiwa na masufuria waliyoyaokoa.

Vita vya sasa, vya waasi wa mkoani kwetu, vilikuwa vimeshaanza, Mocímboa da Praia, tarehe 5 Oktoba 2017. Vilipofika Macomia na Quissanga, na visiwa kama Matemo, watu walikuja kwa mashua. Ibo ilipokea, Pemba ikapokea zaidi. Oktoba 2020, mtaa wa Paquitequete ulikuwa ukiteremsha mashua baada ya mashua ufukweni. Wengi wao hawakuishi kambini. Waliishi kwa watu, yaani uani na varandani kwa watu. Machi 2021 ilikuwa zamu ya Palma, na ndugu zangu walionifikia walilala kwenye ulili, kwenye jamvi, kwenye baraza, vichwa vikielekea ukutani kuepuka umande. Ile varanda iliyoinuliwa ili mwenye nyumba amtazame anayepita, sasa yuko juu yake aliyekuwa apite. Mwaka ule sikupaka chokaa, hapakuwa na mahali patupu pa kupitisha burashi. Nilifagia tu, nikizunguka miguu ya watu waliolala.

Baadhi yao wamerudi kwao, wengine wako hapa. Vijana wawili wa pwani ya Mucojo ndio wanaonifanyia kazi ya Oktoba siku hizi, kwa malipo tunayoyakubaliana mbele ya jirani, nusu kabla na nusu baada. Chokaa tunanunua iliyofungwa mifukoni, tunailoweka kwenye pipa na kutia chumvi ishike. Kwenye ukuta hatugombani. Tunagombana kwenye vitanda. Wao huwamba kwa mshazari, kamba zikipishana katikati. Kwetu Palma tunawamba mraba. Wanasema wangu unabonyea mahali pa nyonga. Nimewaambia wao wawambe kimoja kwa mtindo wao na mimi nimesimamia kingine kwa mtindo wangu, kamba ile ile ya nailoni, na vyote viwili viko uani. Januari tutavipima.